Kurusha Karibu na Malkia

Anayetaka paukwa na pakawa akaombe kwa bibi yake. Mimi nina safari moja tu ya kusimulia, ya Bi Sikudhani, na nitaisimulia kama alivyonipa mwenyewe, ila pale alipojisifu nimepunguza kidogo.

Bi Sikudhani alikuwa mpima ardhi. Aliizunguka Korogwe nzima na kamba zake za kupimia, akapatanisha ndugu waliotaka kukatana mapanga kwa ajili ya mnazi mmoja, na siku alipostaafu watu walimshauri afuge kuku. Hakufuga. Alinunua droni, kidege kidogo chenye pangaboi nne na kamera tumboni, akakiita Mbayuwayu. Kila jioni alikirusha juu ya mashamba, akakaa kwenye kigoda na kukitazama kioo chake cha mkononi, akiiona kutoka juu dunia ile ile aliyoipima kwa miguu maisha yake yote. Raha aliyoipata haina mfano. Lakini alikuwa mtu wa sheria mpaka kwenye kucha. Pasipo kibali, Mbayuwayu hakuondoka ardhini hata shubiri moja.

Alifikaje nchi ya Mbalini? Msiniulize habari za njia. Njia zote ni vumbi na kuuliza. Alifika, basi, saa kumi za alasiri, akasimama mbele ya nyumba ya kwanza aliyoiona mlimani, begi begani, akapiga hodi kama alivyofundishwa na mama yake.

Bibi mmoja alitoka mbio, kiganja kikiwa mdomoni, akatazama kushoto na kulia. "Mbali, mgeni," akasema kwa sauti ya chini. "Mbali, mbali sana." Huku akisema hivyo alishamvua begi, ameshamshika mkono, na anamvutia ndani kwa nguvu za mtu anayeogopa mgeni asije akamponyoka.

Bi Sikudhani hakujua afuate kinywa au mkono. Kinywa kilimfukuza, mkono ulimkalisha kwenye mkeka mpya. Akaletewa maji ya kunawa, akaletewa wali na mchicha wa nazi, na yule bibi akakaa mbele yake, akatabasamu kwa meno yote yaliyobaki. "Mbali chakula, mwenzangu. Usione haya, mbali kabisa."

"Shikamoo, dada," akasema Bi Sikudhani, kwa kuwa alimwona amemzidi umri. "Samahani sana, lakini nimekosa nini?"

"Marahaba. Hujakosa kitu. Ila usipige hodi tena. Ukinipigia hodi utanitoa neno kinywani kabla sijajizuia, na lile neno hapa lina wenyewe." Aliitwa Bi Mwantumu, mjane wa miaka sabini na minne, na kwa kuwa mgeni wake alikuwa bado amekodoa macho, ilibidi amweleze mambo ya nchi yao toka mwanzo. Nami nayaeleza hapa kama yalivyo, sikuongeza chumvi. Nchi yenyewe ilishajitia ya kutosha.

Miaka thelathini iliyopita Mbalini ilimtawaza malkia. Watu walifurahi, wakarusha maua, wakarusha mchele, na mtu mmoja aliyezidiwa na furaha akarusha chungwa. Chungwa likampata Malkia katikati ya paji la uso. Malkia mwenyewe alicheka. Lakini wazee wa baraza hawakucheka, na kabla nundu haijatulia walikuwa wameandika sheria, mstari mmoja tu: *Ni marufuku kurusha karibu na Malkia, ila kwa neno lake.*

Hapana ubaya wowote hapo. Hata mimi ningeitia sahihi. Tatizo ni kwamba sheria ikishaandikwa inataka watu wa kuitunza, na watu hao nao wanataka kazi ya kufanya siku ya pili. Ikaundwa Idara ya Kurusha, ichunguze ni vitu gani hurushwa. Ikaundwa Idara ya Karibu, ichunguze karibu inaanzia wapi. Idara ya Kurusha ilianza na mawe na mipira, vizuri tu, halafu ikagundua kwamba watu hurusha mikono wanapotembea. Ikagundua wanarusha miguu. Basi kutembea karibu na Malkia kukawa marufuku. Wanarusha macho, wakaamriwa watazame chini. Na taarabu ile ya kurushana roho ikakoma mwaka wa tano, waimbaji wakaenda kulima karanga.

Idara ya Karibu nayo haikulala. Kwa kuwa haikujua karibu inaishia wapi, iliona salama neno lenyewe lihifadhiwe ofisini. Raia wakitaka kumkaribisha mgeni wamwambie *mbali*, ili ijulikane wazi kwamba hakuna aliye karibu na chochote. Na kwa kuwa hodi bila karibu ni kiulizo bila jibu, watu waliacha hodi wakawa wanakohoa mlangoni. Hospitali ya huko, alisema Bi Mwantumu, ilipata taabu sana. Daktari alikuwa hajui nani mgonjwa na nani amekuja kumtembelea.

"Na Malkia anaishi wapi?" akauliza Bi Sikudhani.

Bi Mwantumu akamtoa uani, akamwonyesha bonde, na ng'ambo ya bonde kilima kingine, na juu ya kilima kitu cheupe. Bi Sikudhani alipima kwa jicho bila kutaka, kama mshonaji anavyopima mabega ya watu sokoni. Mita mia tisa, labda na ishirini. Mtu mwenye haraka anafika kabla chai haijapoa.

"Yule ni Salha," akasema Bi Mwantumu. "Mdogo wangu, tumbo moja. Nimembeba mgongoni mpaka ameanza kunikojolea nguo za Idi. Sijamwona miaka thelathini."

Hakulia. Alisema kama mtu anayetaja bei ya vitunguu, na hapo ndipo Bi Sikudhani alipoumia zaidi. Jicho la kushoto la Bi Mwantumu lilikuwa limeshafungwa na mtoto wa jicho, jeupe kama kitunguu saumu. La kulia lilikuwa na ukungu. Kile kitu cheupe ng'ambo, mwaka jana alikiona kina madirisha. Mwaka huu alikiona doa. "Wanasema yupo," akaongeza. "Kuwapo si kazi. Mimi nataka kujua kama anacheka."

Basi Bi Sikudhani akafungua begi, akamtoa Mbayuwayu, akamweka mkekani. Alimweleza kinavyoruka, kinavyoona, na jinsi picha inavyofika kwenye kioo hapa hapa, uso wa mtu ukawa mkubwa kama sinia. Bi Mwantumu alikipapasa kwa vidole, bawa moja baada ya jingine.

"Hata mtu mwenye jicho nusu ataona?"

"Ukikiweka kioo hapa puani, utahesabu nyusi zake."

Majirani, ambao walikuwa wamekuja kukohoa mlangoni kwa zamu ili wamwone mgeni, walisema kirushwe sasa hivi, nani atajua. Bi Sikudhani alikataa katakata. Adhabu ya kurusha bila neno la Malkia alikuwa ameelezwa: kifaa kinazikwa, na mwenye nyumba anahamishiwa vilima vitatu nyuma. Kutoka vilima vitatu nyuma hata lile doa Bi Mwantumu asingeliona tena. "Nitakirusha," akasema Bi Sikudhani, "lakini nitakirusha kwa halali, na dada yangu hapa atabaki kwenye uwanja wake."

Asubuhi yake alikwenda kuomba kibali. Idara zote mbili zilikaa jengo moja, na mlango wa kila moja uliangalia upande wake. Alianza na Idara ya Karibu, kwa Bwana Kadiri, mtu mwembamba, mpole, mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali. Alimpa fomu. Swali la kwanza lilisema: *Je, uko karibu?*

"Nikijibu ndiyo?" akauliza Bi Sikudhani.

"Hatuwezi kukupa kibali. Aliye karibu hapewi."

"Nikijibu siyo?"

"Kama huko karibu, bibie, kibali cha nini?"

Bi Sikudhani akaweka fomu chini taratibu. Akasema yeye ni mpima ardhi, ana kamba, ana hesabu, na akiruhusiwa atapima toka kwa Bi Mwantumu mpaka ukutani kwa Malkia, wajue mara moja karibu inaishia wapi. Bwana Kadiri alirudisha kiti nyuma kama mtu aliyeona nge. "Tafadhali usifanye hivyo. Karibu ikishapimwa inakuwa umbali. Na umbali ni wa idara nyingine, ambayo hatuna."

Alisema kwa moyo safi kabisa. Bi Sikudhani ananiambia alitafuta kejeli machoni mwake hakuiona, na ndipo alipompenda kidogo.

"Basi sheria inasema *ila kwa neno lake*. Nani anakwenda kumwomba Malkia hilo neno?"

"Hakuna. Atakayekwenda itabidi atembee. Akitembea atarusha miguu. Karibu kabisa." Bwana Kadiri akavuta pumzi. "Hata sisi watumishi wake hatujamsikia. Walioingia kasrini kabla ya sheria wako ndani, wanalima humo humo, wanakula humo humo. Sisi wa nje tunamtumikia kwa kutomsogelea. Si kazi rahisi, usidhani."

"Sikudhani ni jina langu," akajibu, akaondoka.

Jioni walikaa na Bi Mwantumu wakichambua kunde. Bi Sikudhani alikuwa amenuna, maana hajazoea kushindwa na karatasi. "Neno lake liko ndani ya nyumba," akasema. "Sisi tuko nje. Haya, dada, kwenu watu walikuwa wanalipataje neno la mtu akiwa ndani na wao hawajaingia?"

Bi Mwantumu akaacha kunde. Halafu akasema polepole, kama anayeonja kitu alichokisahau ladha, "Walikuwa wanapiga hodi."

Kesho yake walikwenda wote wawili, safari hii mlango wa pili, kwa Bi Makungu, mkuu wa Idara ya Kurusha. Huyu alikuwa mama mnene wa sauti kubwa, na mbele yake lilikuwa Daftari la Virushwavyo, nene kama mto wa kulalia. Kwa miaka thelathini alikuwa ameandika humo kila kitu kinachorushwa na binadamu. Bi Sikudhani akamwomba atazame jambo moja tu, kama sauti imo.

"Itakuwa imo," akasema Bi Makungu. "Maneno yamo. Watu wanarushiana maneno tangu dunia kuumbwa." Akafungua herufi ya sauti, akashusha kidole. Sahani zilikuwamo, wanazorushiana mke na mume. Shoka lilikuwamo. Alirudi juu, akashuka tena. "Ajabu. Sauti haimo."

"Haimo kwa sababu hairushwi," akasema Bi Sikudhani. "Fikiri mwenyewe, mama. Sauti tunaifanyaje?"

Bi Makungu alifikiri kwa dhati, midomo ikicheza. "Tunaipaza."

"Tunaipaza. Na kupaza si kurusha."

Kelele za ugunduzi huo zilimtoa Bwana Kadiri ofisini kwake. Alisimama mlangoni, hakuingia, kwa kuwa miaka kumi na moja walikuwa hawaingiliani. Alisema kwamba sauti ikipazwa inaweza kufika karibu, na karibu ni mali ya idara yake, hivyo anapinga.

Bi Makungu aligeuka na kiti. Nadhani aliingojea siku hiyo tangu aajiriwe. "Bwana Kadiri, sheria inasema *kurusha karibu*. Karibu yako inaanza kazi pale kurusha kwangu kunapoanza. Hapa hakuna kurusha. Kwa hiyo wewe hapa huna karibu."

"Nina karibu siku zote."

"Huna. Rudi ofisini kwako."

Wakavutana mpaka adhuhuri. Bi Mwantumu alisinzia akaamka, akawakuta bado. Mwisho Bi Makungu, zaidi kwa kumkomoa mwenzake kuliko kwa huruma, alipiga muhuri karatasi iliyosema kwamba Bi Sikudhani na wenzake wanaruhusiwa kupaza sauti mara tatu, siku moja tu, wakielekea popote, miguu imesimama, mikono imekunjwa kifuani, macho chini. Sijawahi kusikia kibali cha ajabu kuliko hicho, na sijawahi kusikia kilichobebwa kwa furaha zaidi. Bi Mwantumu alikitia ndani ya kanga yake, akalala nacho.

Habari zilizunguka kilima chote. Jumamosi, saa mbili asubuhi, uani kwa Bi Mwantumu hapakuwa na pa kukanyaga. Walikuja wakulima wa karanga waliokuwa waimbaji. Walikuja vijana waliozaliwa baada ya sheria, na hawa ilibidi wafundishwe. Binti mmoja aliyekwisha olewa aliuliza, "Ukishasema hodi, unafanya nini?"

"Unangoja," akajibiwa.

"Unangoja nini?"

Wazee wakatazamana, hakuna aliyethubutu kulitaja. "Utasikia," akasema mmoja.

Bwana Kadiri na Bi Makungu nao walifika, kila mmoja na daftari lake, kusimamia. Walisimama ncha mbili za ua. Bi Sikudhani alimweka Mbayuwayu juu ya jiwe bapa, betri imejaa, pangaboi zimekaa kimya. Alikuwa na kazi moja tu, kutomgusa mpaka neno lije. Kwa desturi hodi ni tatu. Ukipiga tatu hujajibiwa, unageuza njia, mwenyewe hayupo au hakutaki. Kila mtu pale aliijua desturi hiyo, na Bi Mwantumu alikuwa ameshika ukingo wa kanga yake kwa mikono yote miwili.

Wakakunja mikono. Wakainamisha macho. Wakapaza, watu mia mbili na zaidi, "Hodi!"

Sauti ilishuka bondeni ikapanda upande wa pili. Njiwa wakatimka kutoka kwenye mtama, kundi zima. Bwana Kadiri akainua kalamu. "Wale wamerushwa na nani?"

"Wameruka wenyewe," akasema Bi Makungu. "Kuruka si kurusha. Andika mambo yako."

Ng'ambo hapakutoka kitu. Wakapaza ya pili, kubwa kuliko ya kwanza, na wale waimbaji wa zamani wakaiwekea mahadhi ndani yake, ikapendeza mpaka watoto wakacheka. Wakangoja. Upepo ulipita kwenye migomba. Jua lilikuwa linaunguza shingo. Hapakutoka kitu.

Bi Sikudhani alimtazama Bi Mwantumu akaona jua limemwelemea. Alitaka kusema wapumzike, waje siku nyingine, lakini kibali kilikuwa cha mara tatu na siku moja. Watu walianza kuvuta pumzi kwa ajili ya hodi ya tatu.

"Ngojeni," akasema Bi Mwantumu. "Sisi tunapiga hodi kama wadai. Atajuaje ni watu wake? Mwiteni jina."

Minong'ono ikapita. Malkia hakuwa ameitwa jina tangu siku ya chungwa. Bi Makungu alifungua daftari, akatafuta majina, akalifunga. "Majina huitwa," akasema. "Hayarushwi. Endeleeni."

"Hodi, Salha!"

Wakanyamaza. Mara hii hata kuku wa jirani alinyamaza. Macho ya Bi Mwantumu yalikuwa yamekwisha kazi, lakini masikio yalikuwa mazima, naye ndiye aliyesikia kwanza. Aliinua kidole. Ndipo nao wote wakasikia, sauti nyembamba ya mwanamke inayovuka bonde, imepasuka katikati kwa kukosa mazoezi.

"Karibu!" Ikatulia kidogo, kama inayojistaajabia. "Karibuni! Mwantumu, upo hapo? Karibuni nyote, piteni!"

Yule binti aliyeuliza anangoja nini aliangua kilio, na hakujua kwa nini. Watu walibaki wamekunja mikono, kwa kuwa kibali kiliishia pale, na nyuso zote zikamgeukia Bwana Kadiri. Bi Makungu alishaikunjua sheria. "*Ila kwa neno lake*," akasoma. "Tumelisikia neno lake. Una la kusema?"

Bwana Kadiri alilifikiria jambo hilo kwa uaminifu wake wote, jasho likimtoka. "Neno hilo ni la ofisi yangu," akasema. "Hakuna mwenye kibali cha kulitamka. Lakini." Akafungua daftari, akarudi ukurasa wa kwanza kabisa. "Kwa miaka thelathini tumeshindwa kumthibitisha mtu yeyote kwamba yuko karibu na Malkia. Ila mmoja. Malkia mwenyewe. Hatuna shaka hata kidogo kwamba yeye yuko karibu na Malkia." Akafunga daftari. "Neno ni halali. Rusha, bibie."

Wale waliosimama jirani naye wanasema walimwona akigeukia ukuta na kulijaribu mwenyewe, kwa sauti ndogo. *Karibu. Karibu.* Kisha akapangusa miwani.

Bi Sikudhani hakumbuki alivyoziwasha pangaboi. Anakumbuka tu kwamba Mbayuwayu alipopanda watu walifungua mikono kifuani, wakairusha juu, mikono mia nne, wakainua na macho. Kidege kilipita juu ya mtama, juu ya kijito, juu ya barabara iliyoota majani kwa kukosa miguu. Kikafika juu ya ukuta mweupe. Bi Mwantumu alikuwa ameweka kioo puani, jicho lake la kulia limekaribia kukigusa.

Kwenye ua wa kasri palikuwa na mama mmoja mnene, amevaa kanga kiunoni, amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa ili aone mbali. Alikuwa anapunga mikono yote miwili kwa watu wa kilimani. Alipokiona kidege alikinyoshea kidole, akafungua mdomo, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Amenenepa," akasema Bi Mwantumu. Machozi yalikuwa yanatiririka mpaka kwenye kioo, Bi Sikudhani akayafuta kwa upindo wa gauni, yakaja mengine. "Anacheka. Jamani, huyu mtoto anacheka vilevile, kwa mabega." Akaomba kidege kishuke kidogo. Akahesabu nyusi. Akasema meno ya mbele yameng'oka mawili, na alishamwambia asile miwa. Halafu akakirudisha kioo mikononi mwa mwenyewe, ghafla tu, akafunga kanga vizuri.

"Umetosheka, dada?"

"Nimetosheka na picha," akasema. "Amesema karibu. Mimi nakwenda."

Akaanza kuteremka bondeni, anapapasa njia kwa mguu, watu mia mbili nyuma yake wanarusha miguu watakavyo, na Bi Makungu katikati yao, daftari amelisahau kwenye jiwe. Bi Sikudhani alimwongoza Mbayuwayu kutoka juu, na kwenye kioo aliona lango la kasri linafunguliwa, na yule mama mnene naye anateremka upande wake, pindo la kanga mkononi, mbio mbio. Walikutana kwenye kijito. Walisimama, mmoja huku, mmoja kule, maji yanapita kati.

Bi Mwantumu alianza, maana yeye ndiye mkubwa. "Miaka thelathini, Salha. Hujatoka hata siku moja?"

"Ningetokaje, dada? Sheria inasema karibu na Malkia. Haikusema karibu na kasri. Nikienda sokoni, soko zima limevunja sheria kwa kuwa linatembea. Nikija kwako, ninakuhamisha nyumba. Nikasema bora mimi nikae mahali pamoja, nyie mtembee."

Bi Mwantumu akaingia majini na viatu vyake. Akamshika uso kwa viganja vyote viwili, akamsogeza mpaka pua zikagusana, hapo ndipo jicho lake lilipoweza kumwona. "Na sisi," akasema, "tulikaa kule juu miaka yote hiyo, tunakohoa, ili wewe upate kupumzika."

"Nimepumzika mpaka nimechoka," akasema Malkia, na wote wawili wakacheka, kwa mabega, mpaka ikabidi wakae chini papo hapo kwenye maji.